Mota Iliyofungwa Stesheni

Jumanne, 2 Machi

Nimeamka, chai, karakana. Kama kila siku. Mbao sita za kupasua kabla ya adhuhuri. Mbili za kwanza zilipita vizuri. Kwenye ya tatu msumeno ulianza kunguruma kama mtu mwenye mafua. Nilisikia. Hakuna mwingine atakayesoma hapa, basi niseme kweli: nilisikia, nikajua fyuzi moja imekufa na mota inavuta kwa nyaya mbili badala ya tatu, na bado nikausukuma ubao. Nilitaka kumaliza. Moshi mweupe. Kisha harufu ile, ambayo ukiinusa mara moja huisahau tena.

Mota imeungua.

Msumeno huu wa meza ni mzee kuliko ndoa yangu. Niliupata Kampuni ya mgodi ilipofunga karakana yake ya mbao na vitu vikatupwa uani. Tuliubeba watu wanne mpaka hapa mtaani Manika. Bila huo mimi ni mzee mwenye msumeno wa mkono na mgongo mbovu.

Nina hasira. Na mimi mwenyewe, basi.

Jumatano, 3 Machi

Leo nimeongeza ujinga juu ya ujinga.

Nilifungua mota. Waya wote ndani umekuwa mweusi, umeshikamana. Kuutoa kwa koleo ni kazi ya siku mbili. Nikaona nina akili: nikawasha mbabula, lile jiko la makaa, nikajaza makala mengi, nikaweka mota juu mpaka vanishi ikaungua yote, na waya ukatoka kwa mafungu, laini kabisa. Nikafurahi. Nikazikata bobini zote, yaani hayo mafungu ya waya, nikazitupa kwenye ndoo.

Ndipo nikakumbuka. Kabla ya kutoa waya wa zamani, fundi anahesabu. Kila bobini ina mizunguko mingapi, waya una unene gani. Ukikosea mizunguko, mota inaungua tena, au haina nguvu ya kupasua hata ndizi. Nimekaa karibu na ndoo ile nikijaribu kuhesabu vipande. Ni majivu na vipande tu. Majuto ni mjukuu, na wangu amezaliwa leo akiwa na meno.

Mama Sifa, mke wangu, alikuja kuangalia. Akaangalia ndoo, akaniangalia mimi. Akarudi jikoni. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 4 Machi

Nimezunguka mji mzima kwa baiskeli, mpaka mtaa wa Musonoi. Natafuta bobineri, fundi wa kufunga waya mpya kwenye mota. Zamani walikuwa watano. Wawili walifuata kazi Zambia. Mmoja amekufa. Mmoja sasa anauza mafuta ya mawese, mikono inamtetemeka. Kila niliyemwuliza alinitajia jina lilelile: Kalonji.

Najua. Kalonji ndiye aliyeifunga mota hiyo mara ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Tuliimba pamoja kwenye kwaya, yeye besi, mimi nikijifanya besi. Sasa yuko stesheni. Watu wa Kasai wote wameambiwa waondoke Katanga warudi kwao. Kalonji kwao ni hapa. Alikuja akiwa mtoto mgongoni. Lakini walikuja vijana wenye vitambaa kichwani, wakampa asubuhi moja ya kufungasha. Sasa yeye na mkewe wanangoja treni pamoja na maelfu ya wenzao.

Wiki tatu wako pale. Sijaenda kumsalimu hata mara moja. Kila siku nilisema kesho.

Na ule ubao uliounguza mota ulikuwa wa mlango. Mlango wa nyumba ya Kalonji. Wa zamani ulivunjwa kwa shoka siku ile. Aliyeagiza mpya ni Kabwe, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye amehamia humo na watoto wake kana kwamba nyumba ilikuwa ikimngoja. Haya. Nimeandika.

Ijumaa, 5 Machi

Sikwenda.

Jumamosi, 6 Machi

Sikwenda. Nilinoa patasi zote, hata zile zilizokuwa kali.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya misa Mama Sifa alifunga bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwenye kitambaa, akanipa, akasema stesheni ni upande ule. Kana kwamba sijui. Nikafunga mota nyuma ya baiskeli. Njiani niliona aibu ya hiyo mota kuliko aibu ya kutokwenda. Mtu anamtembelea rafiki baada ya wiki tatu, na amebeba kazi.

Stesheni ni mji sasa. Turubai, magodoro, masufuria, mbuzi wawili. Tope kila mahali, mvua haiwaonei huruma. Niliwakuta Kalonji na Mama Ntumba, mkewe, chini ya plastiki karibu na ukuta wa ghala. Amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe. Aliniona mimi, kisha akaiona mota.

“Ngoy! Nilikuwa najua utakuya. Ila sikujua utakuya na moteri.”

Akacheka. Mimi nikalia. Sikukusudia. Nilisimama kwenye tope nikalia na bukari mkononi, Mama Ntumba akanipokonya kitambaa kabla sijakiangusha.

Nikamwambia yote, hata ya mlango. Nilijua nisiposema leo sitasema tena. Kalonji alipangusa tope kwenye mota. Halafu akauliza:

“Huo mulango, wa mbao gani?”

Nikamwambia sapini, mbao laini ya msonobari.

“Sapini! Ule upande mvua inapiga, Ngoy. Tia mulombwa. Mulango ni ya nyumba, haiko ya muntu.”

Mulombwa ni mbao ngumu, haiozi kwa maji.

Kisha akaingiza vidole ndani ya mota akakuta tupu. Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa nyumba, si kwa wiki tatu. “Ulichoma waya mbele ya kuhesabu? Weye, fundi muzima?” Akasema mota amezifunga nyingi mno, hakumbuki hesabu ya hii. Lakini kila mota aliyofunga ameandika hesabu yake kwa ncha ya msumari ndani ya kifuniko cha kile kisanduku kidogo cha nyaya kilicho ubavuni. Ili fundi atakayefuata asihangaike. Akauliza kifuniko kiko wapi.

Kwenye mota yangu pale pana kipande cha plaiwudi, nimekifunga kwa waya. Miaka mitatu sasa. Kifuniko chenyewe sijui nilikiweka wapi.

Alinitazama kama padri anavyomtazama mtu aliyekuja ubatizoni amelewa. Akasema anaweza kukisia, lakini kukisia ndiko kunakounguza. Na kingine: waya wake na vyombo vyake vyote viko kwenye kasha la bati, chini ya kitanda, katika nyumba yake. Yaani kwa Kabwe. Treni inaweza kuja kesho au baada ya mwezi. Ikija anapanda, na mota ibaki kama ilivyo.

Jumatatu, 8 Machi

Mimi siwezi kumwendea Kabwe. Ni bukwe wangu, kaka wa mke. Kwetu mtu hapandishi sauti mbele ya bukwe, hata bukwe akiwa amekaa juu ya kiti cha wizi. Nilimwambia Mama Sifa hivyo, nikiwa na haya. Akasema bukwe ni wangu, yeye ni kaka yake tu.

Akaenda. Kwanza aliomba kwa adabu. Kabwe akasema hakuna kasha. Basi akatandika kitenge chini mbele ya mlango usiokuwa na mlango, akavua kitambaa cha kichwa, akanyoosha miguu. Hivyo ndivyo wanawake wanavyokaa kwenye kilio. Ndani ya nusu saa majirani wakaanza kuja na nyuso za msiba, wakiuliza nani amekufa. Anawajibu: “Bado. Niko nangojea.”

Hakuinuka. Walikuja wengine, wengine wakaleta hata makala ya matanga. Watoto wa Kabwe wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani. Saa nane mchana Kabwe akalitoa kasha mwenyewe, akaliweka miguuni pake, akasema chukua mkosi wako.

Amerudi nalo kichwani. Waya, koleo, kile kifaa cha mbao cha kuzungushia, kopo la vanishi. Vyote vimo. Nimeoa vizuri. Sijawahi kumwambia. Leo nimemwambia. Amesema anajua.

Jumanne, 9 Machi

Kifuniko. Nimepindua karakana yote. Makopo ya misumari, chini ya benchi, ndani ya unga wa mbao, kwenye paa. Hakuna. Nimekuta nyundo niliyomsingizia Kabwe mwaka juzi. Kifuniko hakuna.

Saa kumi nikakata tamaa, nikaenda uani kunawa mikono. Sabuni iko juu ya jiwe, ndani ya kisahani chake cha chuma. Kina pembe nne na tundu nne. Nimenawa juu ya kitu hicho kila siku kwa miaka mitatu.

Nikakisugua kwa mchanga. Chini ya tabaka la sabuni, maandishi ya msumari: 38. Kisha 0.9. Kisha K.

Nilipiga kelele mpaka Mama Sifa akatoka na mwiko. Akakumbuka: alikiokota sakafuni, akaniuliza kama kina kazi, nikamwambia hakina. Ninaamini. Ndivyo ninavyojibu nikiwa na penseli mdomoni.

Jumatano, 10 Machi

Stesheni tangu asubuhi. Kalonji aliposoma kifuniko alikibusu, kisha akanipiga nacho kichwani, si kwa nguvu sana. Ameanza kazi. Amekaa juu ya godoro lililokunjwa, kifaa cha kuzungushia kimefungwa kwenye nguzo ya ghala. Anahesabu kwa Kiluba cha Kasai, kwa sauti ya chini. Ukimsemesha kati ya moja na thelathini na nane hajibu. Mama Ntumba anafunga kila bobini kwa uzi wa pamba, vidole vyake vina haraka kuliko vya mumewe. Watu wamekusanyika kutazama. Wiki tatu hawajaona mtu akifanya kazi. Mzee mmoja aliuliza kama naye anaweza kushika kitu. Kalonji akampa koleo ashike. Alilishika mchana kutwa kwa heshima zote.

Tunaishi juu ya shaba. Mji wote umechimbwa kwa ajili yake. Na leo nimeona watu wazima wakiokota kipande cha waya wa shaba cha urefu wa kidole, wakikirudisha kwa mikono miwili.

Niliporudi nyumbani nikakuta mlango wa karakana umechorwa msalaba kwa makala. Ni onyo: mtu ameniona stesheni na watu wa Kasai.

Naogopa.

Alhamisi, 11 Machi

Nimepiga randa mlango. Msalaba umeondoka pamoja na rangi ya zamani. Chini ubao bado mzuri. Nimekwenda stesheni.

Ijumaa, 12 Machi

Bobini zote zimeingia mahali pake. Asubuhi vanishi, kisha mota inatakiwa ikauke kwa moto wa polepole. Mama mmoja wa Manika ana tanuri la udongo la mkate. Alipakua mikate yake, akanitazama, akatazama mota, akaniambia iingie lakini nisimwambie mtu, watasema mkate wake una ladha ya umeme. Ilikaa humo mpaka alasiri. Imetoka na rangi ya asali, nikamrudishia Kalonji.

Kalonji hajafunga bado nyaya za mwisho, zile sita zinazotoka nje. Atafunga kesho. Amezifunga alama kwa nyuzi alizochomoa kwenye kitenge cha Mama Ntumba, nyekundu, manjano, buluu, mbili mbili, ili zisichanganyike.

Mimi namtengenezea kasha. Lile la bati limetoboka kwa kutu, vyombo vitamwagika njiani. Nakata kwa msumeno wa mkono, mulombwa, pembe zinazofumana bila msumari hata mmoja. Sijafanya hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Mgongo unalia. Moyo hauna neno. Ni siku nyingi sijatengeneza kitu bila kuona aibu ya mtu atakayekitumia.

Jumamosi, 13 Machi

Treni imekuja.

Saa tatu asubuhi, bila tangazo, mabehewa ya mizigo. Nilikuwa nikilibeba kasha njiani niliposikia honi, nikakimbia. Mtu wa miaka hamsini na minne akikimbia na kasha kichwani. Nilifika watu wanaparamia milango, wanapitisha magodoro, wanapitisha bibi. Kalonji alikuwa bado chini, ananitafuta kwa macho. Mota ilikuwa kati ya miguu yake, hakuiacha.

Tukaingiza vyombo kwenye kasha tukiwa tumepiga magoti kwenye kokoto. Alipapasa pembe kwa kidole gumba, akanitazama. Kwa fundi hiyo inatosha.

Nyaya sita hakuzifunga. Hakukuwa na muda. Alinieleza akiwa mguu mmoja ndani ya behewa: nyekundu na nyekundu, nini kwenda wapi, mara mbili, akanilazimisha nirudie. Nikarudia. Halafu akapiga kelele, treni ikiwa imeanza kuvuta:

“Kama inazunguka kinyume, usilie! Badirisha nyaya mbili, zozote! Na kifuniko, Ngoy! Rudisha kifuniko!”

Mama Ntumba alikuwa amekaa juu ya kasha, mikono kifuani. Alinipungia kwa kidole kimoja tu.

Stesheni ikabaki na matope na mbuzi mmoja. Nimerudi nikisukuma baiskeli, mota nyuma. Vijana wawili walisimama njiani wakanitazama. Niliwaamkia. Wakaitika. Sijui kwa nini naandika hilo.

Jumatatu, 15 Machi

Nilingoja siku nzima ya jana. Siyo kwa ajili ya Jumapili. Niliogopa kuwasha. Isipowaka, hakuna tena wa kuuliza.

Leo nimefunga. Nyuzi za kitenge, moja moja, kama alivyosema. Fyuzi tatu mpya, nimeziangalia mara tatu, mjukuu wangu wa majuto amenifunza. Umeme upo. Bwawa la Nzilo linatoa umeme kama kawaida, ni mgodi ndio umelala, kwa hiyo sisi wadogo tunaupata mpaka unabaki. Mama Sifa akasimama mlangoni. Nikawasha.

Ikazunguka. Bila moshi, bila kunguruma, sauti ya chini na safi, besi kamili. Lakini kinyume. Diski ya msumeno ilikuwa ikirudi nyuma kana kwamba inakataa mbao zangu.

Sikulia. Nikazima, nikabadilisha nyaya mbili, nikawasha. Ikazunguka vizuri.

Hapo ndipo nilipolia. Hakunikataza kulia ikizunguka vizuri. Nikasema sina wa kumwambia. Mama Sifa akasema niko hapa, niambie mimi. Nikamwambia, na alikuwa ameona yote kwa macho yake, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi, 18 Machi

Mlango wa Kabwe umekwisha. Mulombwa, si sapini. Alilalamika ni mzito. Nikamwambia kwa heshima zote za bukwe kwamba ule upande mvua inapiga.

Kabla ya kuufunga nilichukua msumari. Juu ya ukingo wa juu wa mlango, pale ambapo hakuna mtu anayetazama isipokuwa fundi atakayekuja siku moja kuuvua, nimeandika: Nyumba ya Kalonji. Na tarehe. Kisha nikaupandisha kwenye bawaba, nikajaribu mara mbili. Unafunga bila sauti.

Kipande kilichobaki nimekichonga kisahani cha sabuni. Mama Sifa amekipokea, amekipeleka uani.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua imepungua. Mashine imefanya kazi wiki nzima: madirisha, kabati ya mwalimu, meza. Usiku naota unga wa mbao.

Baada ya misa mfanyakazi mmoja wa reli alinisimamisha uwanjani, akauliza kama mimi ni Ngoy wa msumeno. Akatoa kofiani kipande cha ile karatasi ngumu inayowekwa ndani ya mota, kimekunjwa mara nne. Kimetoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Mwandiko wa Kalonji, mistari mitatu.

Tulifika. Moteri mbili nimefunga hapa, kasha iko nguvu.

Ya kwako ilianza kinyume, kweli?

Kifuniko iko wapi?

Nilisoma nimesimama, kisha nikasoma nimekaa. Mama Sifa akasoma naye. Mtu wa reli alikuwa na haraka, anarudi na treni ya Jumanne. Nimechukua penseli ya karakana, nikaandika nyuma ya karatasi ileile: Ilianza kinyume. Sikulia. Kifuniko kiko mahali pake, skrubu nne.

Hapo kwenye “sikulia” nimefikiri kidogo. Nimeacha hivyohivyo.

Kesho nina milango miwili ya kupasua. Nimeangalia fyuzi.